Saa Iliyotuponza

Mabati ya Kadutu, hapa Bukavu, ukiyagusa saa nane mchana yanakuunguza vidole. Ikifika saa kumi na mbili jioni unayaegemea bila shida. Mimi niliyajua hayo, na bado nikajikwaa. Nilikuwa naandika joto la uani kwangu kila siku saa nane, kwenye daftari kuukuu la mtoto. Kazi ikabadilika, nikawa nafika nyumbani saa kumi, baadaye saa kumi na moja, na kuandika sikuacha. Mwaka ulipozunguka nikamtangazia jirani kwamba Bukavu inapoa. Akaniuliza, "Papa, ile ya Januari iliyopita ulisoma saa ngapi?" Daftari halikuwa na safu ya saa.

Kosa hilo liliwahi kuwapata wenye elimu kubwa. John Christy alifundisha fizikia na kemia Nyeri, Kenya, miaka ya 1970, kabla hajawa mtaalamu wa hali ya hewa katika Chuo Kikuu cha Alabama mjini Huntsville. Yeye na Roy Spencer walikuwa na wazo zuri kweli. Oksijeni ya angani hutoa mawimbi ya mikrowevu, na nguvu yake hufuata joto la hewa. Setilaiti za Marekani zimeyapima tangu mwishoni mwa 1978, hata juu ya majangwa ya Sahara na Chalbi, ambako vituo vya hali ya hewa ni vya kuhesabu. Mwaka 1990 wakachapisha matokeo ya miaka 10: ongezeko la joto halikuonekana. Wengi walifurahi kusikia hivyo.

Kumbe setilaiti nayo huchelewa. Iliyoanza kwa kupita mapema mchana, miaka michache baadaye inapita jioni. Baharini si neno. Jangwani ndiko balaa: mchanga mkavu huwaka mchana na kupoa haraka jua likishuka, na sehemu ya mawimbi yanayopimwa hutoka ardhini.

Dalili zilikuwapo, ndugu zangu. Vipimajoto vya ardhini vilikuwa vinapanda. Mwaka 1998 watafiti Frank Wentz na Matthias Schabel wakaonyesha kwamba setilaiti zilikuwa zikishuka kidogo kidogo, na kushuka huko kulizaa upoaji wa uongo. Hapo ndipo pa kufungua hesabu yote upya. Tundu hilo likazibwa, lakini kosa la saa likabaki. Tusiwacheke. Vipimo vya maputo ya hali ya hewa vilikubaliana nao, na nani asiyetulia akipata shahidi? Baadaye shahidi naye akaonekana ana kasoro: jua lilikuwa likivipasha vipimajoto vya maputo vya awali kuliko vya baadaye.

Suala la saa walilijua, wakaliwekea marekebisho. Agosti 2005 Carl Mears na Wentz wakaonyesha kwamba marekebisho hayo, hasa kwenye tropiki, yalikwenda kinyume: palipotakiwa kujumlishwa, palitolewa. Christy na Spencer walikiri hadharani na kusahihisha. Kasi ya ongezeko la joto ikapanda kutoka nyuzi 0.09 hadi 0.12 kwa kila miaka 10. Wewe unayepima mvua Walungu au maji ya ziwa, kabla hujafurahia namba inayokupendeza, tazama uliisoma lini.

Daftari langu jipya lina safu ya saa. Juzi nikagundua kwamba saa yangu ya mkononi inachelewa dakika 12.