Lete Nikufanyie

Mjukuu wangu hajaniibia hata senti moja. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asidhani kuwa namshitaki. Kwa miaka mitano alinitunzia namba yangu ya siri kichwani mwake, akanitumia pesa, akanitolea pesa, akaninunulia umeme. Kila nilipoishika simu na kuikodolea macho alisema, “Babu, lete nikufanyie.” Nami nikampa, nikamwombea dua.

Usiku mmoja jirani yangu alibisha hodi. Mtoto wake alikuwa na homa kali, naye alitaka nimkopeshe shilingi 20,000 za kumpeleka hospitali. Mjukuu alikuwa safarini, simu yake haipatikani. Pesa nilikuwa nazo, au nilidhani ninazo. Zilikuwa humo kiganjani mwangu. Lakini namba ya siri nilikuwa nimekwisha kuisahau. Nilimwambia jirani kwamba simu yangu imeharibika. Kusema uongo kulikuwa rahisi kuliko kusema sijui. Mtoto alipona, ashukuriwe Mungu, kwa fedha za mtu mwingine.

Ndipo nilipojiunga na darasa la wazee, Jumamosi alasiri, katika shule ya msingi ya mtaani kwetu. Tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Anayetufundisha ni binti aliyemaliza kidato cha nne. Alituonyesha ule ujumbe wa matapeli, “Ile hela tuma kwenye namba hii”, tukacheka, isipokuwa mama mmoja aliyeinama akatazama sakafu. Hatukumwuliza.

Binti huyu ana tabia moja ambayo mwanzoni iliniudhi sana. Ukikwama, yeye huweka mikono yake nyuma ya mgongo. Kidole chako kinatetemeka, unakawia kubonyeza, orodha inajifunga, unaanza upya tangu mwanzo, naye amesimama tu, anasema, “Taratibu, babu.” Nilijiuliza, je, huu ni ukatili au ni adabu? Kwetu kijana akimwona mzee amebeba mzigo humpokea. Huyu anautazama mzigo wangu na mikono ameificha!

Swali hilo lilinirudisha mbali. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka michache baadaye mimi, kijana wa miaka 22, nilikuwa nafundisha kisomo katika kijiji cha wakulima wa pamba mkoani Mwanza. Mwaka 1975 ukaja mtihani wa taifa. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye tarakimu zilimshinda. Alitoka jasho, penseli ikamponyoka mara mbili. Nikasogea, nikaiokota, nikamwandikia. Akafaulu. Msimu wa pamba uliofuata nilimkuta kwenye mizani, akanipa karatasi yake mbele ya watu: “Mwalimu, hebu nisomee, ni kilo ngapi?”

Nilimsomea. Kwa miaka mingi nilikihesabu kile kitendo cha penseli kuwa huruma. Sasa nadhani niliyemhurumia ni mimi mwenyewe: sikuweza kuvumilia kumtazama akishindwa, basi nikayamaliza mateso yangu, naye nikamwacha na yake. Pengine mjukuu wangu ni hivyo hivyo. Kungoja kunachosha, na anayengoja haonekani kama anatenda jambo lolote.

Sisemi kila mzee alazimishwe. Wapo ambao macho yamekwisha, wapo walio wagonjwa, na hao kuwaambia “taratibu” ni kuwadhihaki. Mzigo ni haki upokewe. Ila mimi sikuwa nimempa mjukuu mzigo. Nilikuwa nimempa mkono wangu wa kuume, na sikujua mpaka jirani aliponyoosha wake.

Nilipobadilisha namba ya siri, kijana aliona uchungu. Aliniuliza, “Babu, huniamini?” Nilimwambia namwamini, na ni kweli, lakini kila neno nililoongeza lilizidi kumuumiza, nikanyamaza. Hilo bado liko kati yetu.

Juma lililopita nilimtumia jirani shilingi 2,000 za chai, bila yeye kuomba. Nilijaribu mara tatu ndipo zikaenda. Alinipigia kunishukuru, akasema afadhali simu yangu imepona. Nikaitikia kuwa imepona.