Joka la Kuazima na Jani la Isale

Kijana wa Moshi achezaye Skyrim, mchezo wa kompyuta uliotolewa Marekani mwaka 2011, hupanda mlima wa theluji wenye vidato 7,000 ili alikute joka kileleni. Mawingu yakifunguka nje ya dirisha lake, Kibo inaonekana, mita 5,895, nayo haina hadithi hata moja ndani ya kioo kile.

Wahakiki huilaumu michezo ya fantasia kwa kukosa ubunifu: kila mmoja una ngome, upanga, vijeba wa migodini na joka. Asili yake yajulikana. J.R.R. Tolkien, mzaliwa wa Bloemfontein, Afrika Kusini, alitoa The Lord of the Rings mwaka 1954 na 1955; Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa mwaka 1974, ukaokota mengi humo, na kompyuta zikarithi.

Mpenzi wa tenzi asifanye haraka kuhukumu. Utenzi nao una mizani yake minane, una kina kirudicho kila mwisho wa ubeti, na mtunzi hufungua kwa kumtaja Mola. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo wa Athumani, umejengwa juu ya visa vilivyotoka Uarabuni, wala hilo halimpunguzii mtunzi hadhi. Kurithi umbo si aibu.

Kosa liko kwingine. Katika mingi ya michezo hii orki huzaliwa adui. Hakuna amwulizaye alikotoka wala kama ana mama. Akitokea njiani hukatwa, na mkataji huongezewa nguvu. Hiyo ni hukumu iliyotolewa kabla ya shauri kusikilizwa. Tolkien mwenyewe alihangaika na swali la orki hadi uzeeni. Walioazima orki hawakuazima mahangaiko yake.

Katika miteremko ya Kilimanjaro, mkosaji humpelekea aliyemkosea jani la isale, mmea ule ule upandwao mipakani mwa kihamba. Ni vigumu mno kulikataa. Alikataaye huihamishia lawama shingoni mwake. Sasa na achukuliwe adui wa mchezoni, ameangushwa, akainua jani hilo. Mchezaji aufanyie nini upanga wake? Hesabu nzima ya nguvu na tuzo ingebidi ipangwe upya. Kuweka mbuyu mahali pa mwaloni, na ngao ya Kimasai mahali pa ile ya chuma, ni kupaka rangi tu.

Aurion, wa Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, uliotoka mwaka 2016, ulijaribu zaidi. Mapigano yake yamefuata mtindo wa Kijapani waziwazi, ila shujaa wake, mfalme aliyepinduliwa, husafiri na mkewe, na nguvu zake ni urithi wa wahenga.

Wachagga wanaye Murile, aliyepaa angani juu ya kigoda cha baba yake. Huko Mwezini hakupigana na mtu. Aliwakuta wenyeji wakila vibichi, akapekecha vijiti, akawafundisha moto, wakamlipa ng'ombe. Njiani kurudi, fahali mmoja alikubali kumbeba kwa sharti kwamba asije akala nyama yake. Nyumbani alilishwa mafuta ya fahali huyo bila kujua, na ardhi ikammeza.