Ajali ya Umeme: Amri ya Mungu na Dhamana ya Fundi

Fundi akifa kwa shoti juu ya ngazi, au mtoto akinaswa na friji lenye hitilafu, waombolezaji husema ajali haina kinga, siku zake zilikuwa zimefika. Kauli hiyo huwafariji wafiwa, na msibani ina mahali pake. Ikitoka kinywani mwa aliyefunga nyaya, ni jambo jingine kabisa, kwa sababu humwondolea dhamana kabla hajaulizwa lolote. Mwanagenzi wa umeme hukutana na swali hili mapema kuliko wanafunzi wa fani nyingi: ikiwa kifo kimekwisha kuandikwa, fundi anawajibika kwa lipi?

Dini kubwa za Afrika Mashariki zimelijibu kwa namna inayokaribiana. Katika karne ya 7, Khalifa Umar bin Khattab alikuwa njiani kwenda Sham alipopata habari za tauni, akaamua kurudi. Kamanda wake, Abu Ubayda, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jibu la Umar lilikuwa kwamba kurudi kwenyewe kumo ndani ya kadari hiyo hiyo: anatoka kwenye kadari moja ya Mungu kwenda kwenye nyingine. Kwa hiyo tahadhari haishindani na imani. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, inamwamuru ajengaye nyumba kuweka ukuta mdogo kandokando ya dari, ili mtu akianguka, damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Aliyeanguka anaweza kuwa ameteleza mwenyewe, lakini hatia humfikia mjenzi aliyeacha kuweka kinga. Na katika Hadithi za Mtume Muhammad yamo maagizo kwamba anayetibu watu bila kujulikana kwa utabibu ni mdhamini wa madhara atakayoleta. Hukumu hiyo ya mwisho inamgusa kishoka, yaani fundi wa umeme asiye na leseni, moja kwa moja. Nia njema haimwokoi mtu aliyeshika kazi asiyoijua.

Ufundi umeme una jambo linaloupa uzito wa pekee katika suala hili. Kazi mbaya ya useremala huonekana, meza hutikisika. Nyumba iliyofungwa bila waya wa ardhi huwaka taa vilevile, feni huzunguka, mita ya LUKU husoma yuniti bila tatizo. Mwenye nyumba hufurahi na kulipa. Kasoro hubaki ndani ya bomba la plastiki, chini ya plasta, hata miaka 10, mpaka siku waya wa moto utakapochubuka na kugusa bodi ya friji. Waya wa ardhi ukiwepo na ukiwa umefungwa vizuri, umeme hupata njia na kinga hukata. Usipokuwepo, njia ni mwili wa atakayegusa. Ngozi ikilowa, upinzani wa mwili unaweza kushuka hadi omu 1,000 hivi, na kwa volti 230 za nyumbani mkondo unaopita ni kama miliampea 230. Vikata umeme vya uvujaji vinavyolinda watu huwekwa vikate kwenye miliampea 30, kwa sababu juu ya hapo moyo huingia hatarini. Fundi aliyeokoa bei ya fimbo ya shaba na mita chache za waya ameamua jambo hili kwa niaba ya watu ambao hata hajawajua.

Ndiyo maana taratibu za usalama anazofundishwa mwanagenzi zina sura ya maadili. Huzima swichi kuu, huifunga ili mwingine asiiwashe, huweka kibao, kisha hupima. Kupima kwenyewe kuna hatua ambayo wenye haraka huiruka: testa hujaribiwa kwanza mahali penye umeme wa hakika, halafu kwenye waya unaokusudiwa kushikwa, halafu tena pale pa kwanza. Testa iliyokufa nayo haiwaki, na aliyeiamini hufa akidhani amejihadhari. Rangi pia si ushahidi wa kutosha. Katika mfumo wa zamani wa Kiingereza waya mweusi ni nyutro na wa bluu ni mojawapo ya fezi tatu. Katika mfumo mpya bluu ni nyutro, na mweusi ni fezi. Nyumba iliyoongezewa vyumba kwa awamu inaweza kuwa na mifumo yote miwili ndani ya boksi moja, na mwenye kuapa kwa rangi yuko hatarini.

Nchini Tanzania ngazi za taaluma hii zinaweza kusomwa kama ngazi za dhamana. Kijana huanza VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na kupanda kutoka ngazi ya kwanza hadi ya tatu ya ufundi stadi. Aliyejifunza mtaani chini ya fundi ana njia ya kupimwa na kurasimishwa ujuzi wake, na hilo ni jambo la haki, kwani mikono mingi hodari haikupita darasani. Wanaoendelea husomea stashahada, kwa mfano Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam (DIT) au Chuo cha Ufundi Arusha. Kufunga umeme majumbani, kwa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, kunahitaji leseni, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huitoa kwa madaraja kulingana na elimu na uzoefu. Leseni ni ushahidi kwamba mtu anajulikana kwa kazi hiyo. Anayeazimisha mhuri wake kwa kazi asiyoikagua ameiuza dhamana yake, na akiulizwa hawezi kusema hakuwepo.

Lawama hugawanyika kwa kadiri ya ujuzi na mamlaka. Mwanagenzi wa miezi ya kwanza, aliyeagizwa apande ngazi bila kuambiwa kwamba laini iko hai, hana hatia. Mzigo ni wa aliyemtuma. Akishajua, hali hubadilika. Kijana anayefahamu kwamba soketi za jikoni hazina ardhi na bado anazifunika kwa sababu bosi ameharakisha, ni mshirika, hata kama sehemu yake ni ndogo. Ni vigumu kumtaka kijana anayelipwa kwa siku akatae agizo, na kwa hiyo wakubwa wa kazi wana wajibu wa kutomfikisha hapo. Mwenye nyumba hayumo nje ya hesabu: anayemtafuta wa bei ya chini kuliko wote, bila kuuliza leseni, amechangia. Kabla ya kumaliza malipo, na aombe kuona leseni ya fundi, na ardhi ya nyumba ipimwe yeye akiwa hapo.