APOLO ALIKUBALI KUSOMA TENA

Somo: Matendo ya Mitume 18:24-28

 

Ndugu na dada wa Luvungi na wa bonde lote la Ruzizi, leo tunataka kusema na watu wa namna moja. Wengine mtuvumilie, sehemu yenu inakuja. Tunasema na baba au mama aliyemaliza gradua zamani, akashika chaki, akaanza kufundisha, na sasa ana miaka 45 au 52, na kila mwaka shule zinapofunguliwa moyo wake unamwambia: nenda chuo kikuu, kamalize. Tunawajua, mko kati yetu. Wengine mmezifunga karatasi zenu ndani ya mfuko wa nailoni na kuzificha, hata watoto hawajaziona.

Tazameni Apolo. Alikuwa mtu wa Aleksandria, mji wa vitabu, hodari katika Maandiko na mwenye kinywa cha kusema. Alifika Efeso akafundisha habari za Yesu vizuri, lakini alikuwa ameishia kwenye ubatizo wa Yohana. Angalieni sana hapo. Hakuwa mjinga, wala hakuwa mwongo. Alikuwa na gradua yake! Prisila na Akila walipomsikia hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao wakamweleza yaliyobaki. Nao hawakumwambia asahau yote aanze tena kwenye alfabeti. Walianzia pale alipokuwa ameishia.

Kuna ndugu wanaosema, sisi ni watu wa Roho, karatasi za nini? Basi wasome tena habari hii. Apolo alikuwa na moto wa roho, na bado alikaa chini akafundishwa, tena na mafundi wa kushona hema, na mmoja wao mwanamke. Moto haukuzimika. Na ninyi mnaongoja ndoto au neno la nabii kabla ya kupeleka maombi, tunawaambia kwa upendo: nabii akikuonyesha mlango, mlango huo una tarehe yake ya kufungwa.

Msijihukumu kwamba mliishia njiani kwa uvivu. Wazee wetu wanakumbuka: mwaka 1971 Serikali iliunganisha masomo makuu yote ya nchi kuwa chuo kikuu kimoja cha Taifa, na hata kilipogawanywa mwaka 1981, vyuo vikuu vyake vilikuwa Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi. Mtoto wa mkulima wa mihogo wa hapa angefikaje? Wengi waliishukuru gradua ya ISP Bukavu wakarudi kufundisha. Kisha vita vya 1996, vya 1998, na vile vilivyofika tena bondeni mwaka 2025. Mwenye kupanga masomo akajikuta anapanga kukimbia. Siku hizi chuo kikuu kiko Bukavu kwenyewe, lakini njia ya Ngomo ni ile ile, na usalama wa barabara mnaujua wenyewe.

Sasa jambo la kufungua macho. Zamani gradua ilikuwa miaka mitatu, na lisansi miaka miwili juu yake. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi yetu imeingia katika mpango mpya unaoitwa LMD. Ndani yake lisansi ni miaka mitatu yenye krediti 180, na masta ni miaka miwili yenye krediti 120. Jina lisansi limebaki, lakini kitu chenyewe si kile. Mama mmoja anaweza kusimama mbele ya ofisi ya chuo akaomba lisansi akifikiri ni miaka yake miwili iliyobaki, kumbe anaandikwa na vijana waliotoka shule ya sekondari mwaka jana. Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa hata franka moja: gradua yangu ya mpango wa zamani inahesabiwaje hapa? Ninaingia mwaka gani? Wakujibu kwa maandishi. Jibu la mdomoni halina muhuri.

Nenda na karatasi kamili: diploma ya Serikali, diploma ya gradua, karatasi za pointi za kila mwaka, cheti cha kuzaliwa, cha mwenendo mwema na cha afya, na picha. Walioungua nyumba waanze mapema kuomba nakala kule waliposoma, kwa maana hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote.

Halafu kuna aibu. Utakaa benchi moja na kijana uliyemfundisha kusoma. Atakuita mwalimu, na mwalimu mwingine atakuita mwanafunzi. Nchini Kenya mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, amevaa sare na kaptula kama watoto, naye alisema anataka kuisoma Biblia mwenyewe. Wako waliocheka. Yeye alikuwa anajifunza.

Tukifika kwenye pesa, hatutawadanganya. Minervali ya mama na minervali ya mtoto zinatoka kwenye gunia moja la mchele. Hatusemi mtoto aachwe nyumbani. Tunasema baba na mama wakae pamoja wahesabu, na ikionekana lazima mama angoje, basi waandike angoje mpaka mwaka gani. Kungoja kusiko na tarehe, sisi tumeona, kunakuwa kukataliwa kwa upole. Na baba anayesema mke wake akisoma atamdharau, huyo aje tuombe naye.

Ndipo tunafika kwenu wengine. Apolo alipotaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu wa Efeso walimtia moyo, wakawaandikia wanafunzi wa kule wampokee. Kanisa liliandika barua! Halikusema, huyu akiondoka nani atatuhubiria? Na alipofika huko akawafaa sana waamini. Nasi tuna kwaya zinazohofia kumpoteza mwalimu wao, na kikundi cha akina mama kinachonung'unika mwenzao akikosa mikutano miwili kwa ajili ya mitihani.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, karani wa kanisa atabaki mezani. Atakayetaka barua ya kumshuhudia mbele ya chuo alete jina lake kamili kama lilivyo kwenye diploma, mwaka aliomaliza, na jina la chuo anachoomba. Walio na karatasi zilizolowana wasizianike juani, wino utapotea. Wazilete hivyo hivyo.