Haki ya Boma, Tope la Kano

Mzee wa Kipkelion, katika vilima vya Kericho, anayegawia wanawe ardhi hukata shamba kwa urefu. Barabara iko juu mgongoni mwa kilima, mto uko chini bondeni, na kila mtoto anataka vyote viwili: njia ya kutoa maziwa asubuhi, na mahali pa kunyweshea ng'ombe. Kwa hiyo ekari mbili za kijana mmoja huwa kipande chembamba cha mita 20 kwa upana na mita 400 kwa urefu, kinachoteremka moja kwa moja hadi majini. Vikikatwa vipande vitano vya namna hiyo, ndugu wote hupata haki sawa na hakuna wa kunung'unika. Huo ni uamuzi wa busara, na mama akiwa hai hufurahi kuuona.

Lakini hebu uingie ndani ya kipande hicho msimu wa kupanda. Upana wa mita 20 haumpi mkulima nafasi ya kukinga mteremko. Fahali wa plau hawajamaliza kunyoosha miguu, wamefika mpakani kwa ndugu. Basi mkulima hulima kwa kuteremka, na matuta ya viazi yanaelekea mtoni yote. Mvua ya Aprili ikishuka, kila mfereji kati ya tuta na tuta hugeuka njia ya udongo. Udongo huo huingia mto Kipchorian, Kipchorian huingia Nyando, na Nyando hupita Muhoroni na Ahero kabla ya kumwaga mzigo wake ziwani. Mwaka 2024, kama ilivyokuwa miaka mingi kabla yake, nyanda za Kano zilifurika na watu wakalala madarasani. Mafuriko yana sababu nyingi, na mvua yenyewe ni kubwa kuliko shamba lolote. Hata hivyo sehemu ya tope lililojaa mlangoni mwa mtu wa Kano ilitoka katika mgao ambao hakuna aliyedhulumiwa ndani yake.

Hili ndilo linalonifanya niamini kwamba kupanga ardhi kwa kiwango cha taifa ni jambo la utu kabla halijawa la ofisi. Haki inayotosha ndani ya boma inaweza kuwa dhuluma kilomita sitini mbele, na aliye ndani ya boma hana namna ya kuiona dhuluma hiyo. Haonani na mtu wa Kano. Hawazungumzi lugha moja ya mama, hawakutani sokoni, hawapigi kura kaunti moja. Wanachoshirikiana ni maji, na maji yanaenda upande mmoja tu.

Kenya inao mpango wa kitaifa wa namna ya kutumia ardhi yake yote, wa miaka 30, kuanzia 2015 hadi 2045. Katiba ya 2010 iliipa serikali ya taifa kazi ya kuweka misingi ya upangaji na kuoanisha mipango ya kaunti, na ikaziachia kaunti 47 upangaji wenyewe. Mpango huo unasema miji ikue wapi, reli na barabara zipite wapi, ardhi ipi ilindwe kwa chakula, vyanzo vipi vya maji visiguswe. Ukikumbuka kwamba zaidi ya asilimia 80 ya nchi hii ni kame au nusu kame, unaelewa kwa nini jicho la mpangaji linatua kwenye vilima vya Kericho na Bomet na kukataa kuondoka. Huku mvua hunyesha, chai humea, mahindi na maziwa hupatikana. Nchi nzima ina haja na kipande hiki kidogo chenye rutuba.

Hapo ndipo swali gumu linapoanza. Mahali panapata maana yake wapi? Je, ni katika kazi panayoifanyia nchi, au kwa watu wanaopaita kwao?

Kipkelion imejibiwa swali hilo na watu wa mbali mara nyingi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na shabaha yake ilikuwa ziwa na Uganda. Vilima hivi vilikuwa kizuizi cha kuvukwa. Kutoka kilele cha Mau, kiasi cha mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, njia ilibidi iteremke hadi ziwani, na madaraja 27 ya chuma yaliyotengenezwa Marekani yakatandazwa juu ya mabonde. Stesheni ya hapa ikaitwa Lumbwa. Kwa miaka ishirini na kitu kila aliyekwenda Uganda kwa treni alipita hapa. Kisha njia mpya ikajengwa kutoka Nakuru kupitia Eldoret, ikafika Kampala mwaka 1931, na Lumbwa ikajikuta kwenye tawi. Hakuna jiwe lililohama hapa kijijini. Kilichohama ni mstari, na pamoja nao ikahama sababu ya watu wa mbali kupajua.

Chai nayo ina hadithi yake. Mwaka 1919 ekari 25,000 katika nchi ya Kericho zilitengewa maafisa wa jeshi la Uingereza waliotoka vitani na majeraha, walime kitani. Wakipsigis waliokuwa wakichunga na kulima huko hawakuulizwa. Bei ya kitani ikaporomoka, kampuni ya maafisa ikafa, na katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay wakaingia na chai. Leo mgeni akitazama vilima hivyo vya kijani kibichi anadhani viliumbwa kwa ajili ya chai, kumbe anatazama mabaki ya mpango mwingine ulioshindwa. Na kwa kuwa mji wa Kericho haukupata reli, majani yalisafirishwa hadi stesheni ya Lumbwa kupanda treni kwenda Mombasa, mpaka malori yalipochukua kazi hiyo.

Sasa kuna reli ya kisasa iliyofika Naivasha mwaka 2019, na mstari wake wa kwenda Kisumu umechorwa kupitia Narok, Bomet na Sondu. Reli ya zamani ilikarabatiwa na treni ya abiria ikarudi Kisumu Desemba 2021, nami nilifurahi kama wengine. Lakini ni vigumu kutoona mtindo. Kila anayepanga kwa kufuata njia huiona Kipkelion kuwa mahali pa kupitia, na mahali pa kupitia hupoteza maana siku njia inapogeuzwa.

Mtu anaweza kusema: basi wenyeji waachiwe waamue wenyewe. Najua uzito wa hoja hiyo. Wakipsigis walipanga ardhi kabla hakujawa na ramani. Wazee wa kokwet, yaani baraza la mtaa, ndio walioamua migogoro ya majirani na kusimamia maisha ya mtaa, na ng'ombe walikuwa na kambi zao mbali na mashamba ya wimbi. Huo ulikuwa upangaji kamili, uliofanywa na watu watakaoishi na matokeo yake. Ila kokwet iliona mpaka ukingo wa kilima. Kano haikuwemo katika baraza lake, wala isingeweza kuwemo.

Tena maana ya mahali iliyo mikononi mwa wenyeji peke yao si lazima iwe njema. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, watu waliokuwa wamenunua mashamba Kipkelion, wakalima na kuzika wazazi wao hapa, waliambiwa ni wageni na wakafukuzwa. Watawa Watrapisti waliokuwa Lumbwa tangu miaka ya 1950 waliwahifadhi waliokimbia, na mwaka huohuo watawa hao nao wakahamia Uganda. Ninapomsikia mtu akisema mahali ni pa wenyeji basi, nakumbuka miezi ile. Tunahitaji jicho la mbali pia, jicho linalomwona raia hata pale jirani yake anapokataa kumwona.

Ila jicho la mbali lina udhaifu wake wa kimaumbile. Kwenye ramani ya moja kwa milioni, milimita ni kilomita. Mstari wa penseli wenye unene wa nusu milimita hufunika mita 500 za ardhi: shule ya msingi, kanisa, josho, na mashamba ya wale ndugu watano. Mchoraji hajasema uongo wowote. Nchi ya kilomita za mraba zipatazo 580,000 haiwezi kuonekana nzima bila kuacha vitu. Kosa huja baadaye, pale mstari unaposhuka ardhini bila kuchorwa upya kwa kipimo kinachomtosha mtu.

Kwa hiyo naona mpango wa taifa unapaswa kuanzia kwenye mto, njia zifuate. Ukianza na reli, Kipkelion iko katikati ya safari ya mtu mwingine. Ukianza na maji, Kipkelion ni mwanzo: yanayofanyika hapa yanakuwa hali ya maisha ya maelfu walio chini. Maana ya namna hii haiondolewi na mhandisi aliyegeuza mstari, kwa sababu imefungwa na mteremko wenyewe. Na inamtambua mkulima wa mita 20 kuwa mtendaji, mtu ambaye nchi inamhitaji pale alipo.

Ikiwa nchi inamhitaji, inadaiwa naye. Hapa ndipo mipango yetu inaponyamaza, na kunyamaza huko kunaniuma. Kanuni zinasema ukingo wa mto uachwe, mita 6 kwa uchache na hadi 30. Katiba inataka asilimia 10 ya ardhi iwe na miti. Kwa kipande cha mita 400, kuacha mita 30 ni kutoa sehemu ya kumi na tatu ya shamba, na ni ile sehemu ya bondeni yenye unyevu, ambako kabichi hukua hata Januari wakati bei ni nzuri. Anayeambiwa aache kabichi hizo ana karo ya kulipa. Faida inaonekana Ahero kwenye mashamba ya mpunga, gharama inabaki Kipkelion. Mpango unaomwonyesha mtu wajibu wake kwa asiyemjua bila kumwonyesha yule asiyemjua akimtazama na kumjali umefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi.

Nusu ya pili ina mlango katika sheria. Sheria ya upangaji wa ardhi ya mwaka 2019 inaruhusu kaunti zinazopakana kuandaa mpango wa pamoja, na Kericho na Kisumu zinakutana hukohuko Nyando inakoshukia. Tayari bwawa la Koru-Soin, lililokusudiwa kuzuia mafuriko, linahusu kaunti hizo mbili. Lakini bwawa linapokea udongo wa mashamba yote yaliyo juu yake, na likijaa tope halitamsaidia yeyote. Kwa hiyo kabla ya wahandisi, au pamoja nao, ningependa kuona baraza moja Fort Ternan au Muhoroni ambamo mkulima wa viazi kutoka Kipkelion na mkulima wa mpunga kutoka Ahero wameketi meza moja, na mbele yao ramani kubwa ya kutosha ambamo kila kipande cha mita 20 kinaonekana na kinaweza kuandikwa jina. Watabishana, na ubishi wao utakuwa wa fedha tangu dakika ya kwanza: nani anunue miche ya mianzi ya kingo, nani afidie msimu wa kabichi zisizopandwa, fidia idumu miaka mingapi, na itoke Kisumu, Kericho au Nairobi.