Damu ya Beberu na Moyo wa Mja

Huko Guwahati, katika jimbo la Assam, Bara Hindi, juu ya kilima cha Nilachal, lipo hekalu la kale la Kamakhya, lililojengwa upya mwaka 1565. Aingiaye ndani hakuti sanamu. Hushuka pangoni akagusa ufa wa jiwe ububujikao maji. Kila Juni hekalu hufungwa siku tatu, kwani waabuduo husadiki kuwa mungu wao wa kike yumo katika hedhi. Na mabeberu huchinjwa hapo kuwa sadaka.

Ndugu Waislamu, tusicheke. Kurani Tukufu (6:109) imetukataza kuwatukana wanaoabudiwa na wengine. Tujiulize sisi wenyewe: Je, hakuna Mwislamu wa Temeke au Kinondoni aswaliye Ijumaa, kisha usiku akampelekea mganga kuku mweusi ili mwanawe apone? Huyu ana Kitabu nyumbani mwake!

Sura Al-Hajj (22:38) yatufundisha kwamba kipokelewacho kwa Mwenyezi Mungu ni ucha Mungu, si nyama wala damu. Mwenye mgonjwa na ampeleke hospitali, kisha aamke usiku wa manane, asujudu na kumlilia Mola wake. Mlango huo hauna ada.

Mwenyezi Mungu atulinde na shirki iliyojificha. Amin.