Hodi Kabla ya Picha

Wapo wazazi wanaouliza kama yafaa mwalimu wa shule ya msingi kuwakabidhi watoto simu yenye kamera wakati wa masomo. Wengine wasema ni mchezo wa kupoteza saa. Wengine wasema ndiyo maendeleo. Sisi twaona kwamba swali kubwa zaidi lamhusu mtu anayepigwa picha: je, yeye ana haki gani?

Kwanza tukiri faida, maana ipo. Katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, wakulima hulima ngoro. Hufyeka majani, huyalaza kwa mistari inayokatana kama nyavu, kisha huchimba udongo wa katikati na kuyafunika. Majani huoza yakawa mbolea, na mashimo hupokea maji ya mvua yasiuchukue udongo mtelemkoni. Mtoto wa huko hupita kando ya ngoro kila siku asizione. Lakini mwalimu akimwagiza kupiga picha nne, yaani majani yaliyolazwa, udongo uliofunika, shimo baada ya mvua, na maharage yaliyochipua, tena aandike maelezo chini ya kila moja, hana budi kuuliza kwa nini. Vivyo hivyo mtoto wa Mbamba Bay au Liuli, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, aweza kujifunza kupambanua usipa na mbasa kwa picha alizopiga mwenyewe mitumbwi ilipotia nanga.

Sasa tutazame upande wa pili. Tuseme mtoto ampiga picha mama aliyeinama shambani, nguo zake zimejaa tope, wala hakumwambia neno. Darasani wenzake wacheka. Kabla ya jua kutua picha imekwisha fika Songea na Dar es Salaam, kwa watu wasiomjua mama huyo wala jasho lake. Je, ameibiwa? Jembe lake lipo na shamba lake lipo. Hata hivyo amenyang'anywa heshima yake, nayo hairudishwi kwa fedha.

Nasi wakubwa tusijitoe. Ni mara ngapi mtoto mwenye kaptura iliyochanika amesimamishwa mbele ya kamera ili wafadhili waingiwe na huruma? Mtoto huyo hakuulizwa, na atakapokuwa mtu mzima aweza kuikuta picha ile ingali yazunguka. Bunge letu lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na ni vema. Lakini askari hawezi kusimama katika kila darasa. Pale yatakiwa dhamiri.

Mtu atasema: ukiomba ruhusa, mama ataacha jembe, atajifuta uso na kusimama wima, na ukweli wa kazi utapotea. Ni kweli, kitu kitapotea. Lakini ni afadhali tupoteze picha nzuri kuliko kumfundisha mtoto kwamba jirani yake ni kitu cha kuchukuliwa.

Zamani picha ilikaa ndani ya filamu, na aliyepigwa pengine hakuiona kamwe. Kamera ya kwanza ya dijitali, aliyoitengeneza Steven Sasson wa kampuni ya Kodak mwaka 1975, ilihitaji sekunde 23 kuhifadhi picha moja. Leo ni kufumba na kufumbua. Wepesi huo ni hatari, lakini pia ni dawa: mtoto aweza kumwonyesha mama picha pale pale, naye akikataa, ikafutwa mbele ya macho yake.

Watoto wetu wanajua kwamba haiingiwi nyumba ya mtu bila hodi. Basi mwalimu awafundishe hodi ya kamera kabla ya kuwaonyesha kitufe: kusalimu, kueleza shabaha, kuomba, kuonyesha, na kukubali kukataliwa. Wazazi nao wafanye hivyo nyumbani. Mama aliyesalimiwa kwa adabu huenda akamweleza mtoto mwenyewe jinsi ngoro inavyochimbwa, na somo hilo picha peke yake haliwezi kulitoa.